Sahihi Iliyo Katika Noti



Muhula uliopita mwalimu anayesimamia Chama cha Majadiliano aliniita nije niwaeleze wanafunzi habari za kazi yangu. Nina duka dogo hapa Nakivale, upande wa Base Camp, la kutuma na kupokea fedha kwa simu, na kila juma huenda Mbarara mara moja au mbili kutafuta noti. Nilipomaliza kusema, mtoto mmoja wa kidato cha pili alisimama, akatoa mfukoni noti ya shilingi 5,000 iliyochakaa, akaweka kidole mahali palipotiwa sahihi. Akaniuliza, "Kaka, huyu aliyeandika jina lake juu ya pesa zetu ni nani? Na kwa nini yeye, si Rais?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilijibu kwa kifupi kwamba ni Gavana wa Benki Kuu ya Uganda, aliyekwisha kufariki, na jina lake Emmanuel Tumusiime-Mutebile. Jibu hilo halikumtosha yule mtoto, wala mimi mwenyewe halikunitosha. Basi nilimwahidi kwamba nitaandika katika gazeti letu la shule, na leo natimiza ahadi.

Lakini sharti kwanza niwaeleze habari za sanduku la baba yangu, maana pasipo sanduku hilo mimi nisingejali sahihi ya mtu yeyote.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe huko Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini, zamani nchi yetu ilipoitwa Zaire. Mwaka 1993 aliuza shehena nzima ya maharagwe pamoja na ng'ombe wawili, akapata mabunda ya zaire, akayafunga vizuri akayatia sandukuni, akingoja safari ya kununua mabati ya nyumba. Njia haikuwa salama, kwa hiyo alingoja miezi miwili, mitatu. Kila akiuliza bei ya bati moja ilikuwa imepanda tena. Mwezi wa Oktoba serikali ikatoa fedha mpya, na zaire mpya moja ikawa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Mabunda ya baba hayakutosha bati hata moja. Mvua ya mwaka ule ilitukuta, yaani iliwakuta wao, mimi sikuwa nimezaliwa, chini ya nyasi zile zile za zamani.

Baba hakuzitupa zile noti. Mwaka 2008, vita vilipofika Rutshuru nasi tukakimbilia Uganda, mama alibeba sufuria mbili na baba alibeba lile sanduku. Mpaka leo mama humtania kwamba angaliacha sanduku akabeba sufuria ya tatu, tungalikula vizuri zaidi.

Sasa turudi kwa mtu wetu.

Tumusiime-Mutebile alizaliwa tarehe 27 Januari 1949 huko Kigezi, nchi ya vilima karibu na Kabale, upande wa kusini-magharibi ya Uganda. Wale kati yenu waliopita njia ya Kisoro kuja huku wanaijua nchi ile: mashamba yaliyopangwa kama ngazi, na baridi ya asubuhi inayouma vidole. Alisoma katika Kigezi College, Butobere, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Makerere. Mtu wa Kabale akienda Kampala kwa gari hupita Mbarara, kwa hiyo kijana yule alipita mara nyingi katika barabara ile ile tunayopita sisi tukienda kununua daftari.

Pale Makerere wanafunzi wenzake walimchagua awe Rais wa chama chao. Ilikuwa heshima kubwa, lakini mwaka wenyewe haukuwa mwaka wa kuongoza wanafunzi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waliokuwa wakiishi Uganda waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifungasha, wakaacha maduka, viwanda na nyumba. Watu wengi wa Uganda walifurahi, na tusidanganyane juu ya jambo hilo. Walikuwa wamechoka kuona biashara yote ikiwa mikononi mwa wachache, tena wageni, na sasa waliambiwa kwamba maduka yale yatakuwa yao.

Mutebile, mwenye umri wa miaka 23, alisimama hadharani akasema kwamba ni kosa. Fikirini jambo hili. Kumpinga askari mwenye bunduki ni jambo gumu, lakini kumpinga wakati umati unampigia makofi ni gumu zaidi, maana hata jirani yako hatakuficha. Mwezi wa Septemba wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania walivuka mpaka wakaishambulia Mbarara, wakashindwa, na baada ya hapo aliyeshukiwa kuwa mpinzani hakuwa na usalama tena. Mutebile akakimbia. Alipitia Tanzania, akafika Uingereza, akiwa hajamaliza masomo yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda mtu huyu, kabla sijajua lolote la mambo ya benki. Kambi yetu ya Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Kwa hiyo Uganda ilikuwa ikipokea wakimbizi muda mrefu kabla ya siku ile iliyomfanya mwanawe mwenyewe kuwa mkimbizi. Alipokelewa katika Chuo Kikuu cha Durham, kaskazini ya Uingereza, akamaliza shahada ya uchumi na siasa mwaka 1974, akaendelea na masomo ya juu katika Balliol College, Oxford. Kisha akarudi Afrika ya Mashariki, akafundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku zile chuo kile kilijaa mijadala ya ujamaa asubuhi na jioni, na Waganda wengi waliokimbia walikuwa pale, wengine wakisoma, wengine wakingoja.

Mwezi wa Aprili 1979 Amin aliangushwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Mutebile alirudi nyumbani mwaka ule ule, akapewa kazi Ikulu akiwa naibu wa katibu wa Rais. Mbarara aliyoiacha hakuikuta, maana mji ulibomolewa vibaya katika vita ya Februari 1979. Maduka ambayo Wahindi waliyaacha yalikuwa yamegawiwa askari na rafiki zao, nao walikuwa wameuza kilichokuwamo wasijue pa kupata kingine. Sukari, chumvi na sabuni vilipatikana kwa magendo tu. Sijui kama aliwakumbusha watu maneno yake ya 1972. Mimi ningaliwakumbusha.

Tangu hapo alipanda ngazi ya utumishi pole pole: mwaka 1981 alikuwa katika Wizara ya Mipango, na mwaka 1984 akawa mchumi mkuu. Serikali zilibadilika juu yake, yeye akabaki kwenye meza yake. Ilipoingia serikali ya Rais Yoweri Museveni, Januari 1986, hali ya fedha ilikuwa mbaya kabisa. Serikali mpya ilijaribu kuipandisha thamani ya shilingi kwa amri, na kubadilishana mali kwa mali na nchi nyingine. Haikufaa. Mfumuko wa bei ulipita 200 kwa mia kwa mwaka. Mwezi wa Mei 1987 ilitolewa shilingi mpya, ikaondolewa sifuri mbili, na kila aliyebadili fedha alikatwa 30 kwa mia. Wazee wa Isingiro bado wanakumbuka mkato ule kwa uchungu.

Wanafunzi wa uchumi watanisamehe, lakini wengine hawajui mfumuko wa bei hutoka wapi. Tazameni soko letu la Base Camp. Chukulieni kwamba leo pana magunia 20 ya unga wa mahindi, na watu wote sokoni kwa jumla wana shilingi milioni mbili za kununulia unga. Gunia litauzwa yapata shilingi 100,000. Usiku anakuja mtu anampa kila mmoja noti nyingine sawa na zile alizo nazo. Asubuhi watu wana milioni nne, lakini magunia ni yale yale 20. Wenye unga si wajinga, gunia litakuwa 200,000. Hakuna aliyetajirika. Aliyepata hasara ni yule aliyekuwa safarini usiku ule, akarudi na noti zake za jana, na yule anayelipwa kiasi kile kile kila mwezi. Aliyepata faida ni huyo mgawa noti, maana yeye hujigawia kwanza, akanunua kabla bei haijapanda.

Katika nchi, mgawa noti ni serikali. Ikiwa kodi haitoshi kulipa askari, mafuta ya magari na safari za wakubwa, huielekea Benki Kuu na kusema, tukopeshe. Benki huchapa. Basi kazi kubwa ya mchumi wa serikali ni kukaa mlangoni pa benki na kusema hapana. Kitabu kinaweza kukueleza jambo hili kwa nusu saa. Kulitenda mbele ya mawaziri wenye hasira ni habari nyingine.

Mutebile alikuwa miongoni mwa wale waliobishana kwa miaka kadhaa, ndani ya vyumba vya serikali, kwamba bei ya fedha za kigeni iachwe huru. Mwaka 1990 maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa, na biashara iliyokuwa ikifanywa gizani ikafanywa mchana. Kisha mwanzoni mwa 1992 bei zikaanza kupanda upya, kwa sababu serikali ilikuwa imetumia kuliko ilivyokusanya. Machi 1992 Rais aliziunganisha Wizara ya Fedha na Wizara ya Mipango ya Uchumi, chini ya Waziri Joshua Mayanja-Nkangi, na Mutebile akawekwa Katibu Mkuu na mwangalizi wa Hazina.

Utaratibu alioushika ulikuwa rahisi kama wa mama mwenye nyumba. Kila mwezi zilihesabiwa kodi zilizoingia, na wizara ziligawiwa hizo tu. Zisipotosha, hazikutosha, wala hakuna kwenda kukopa Benki Kuu. Wizara zililalamika sana. Lakini kabla ya miaka miwili kupita, mfumuko wa bei ulishuka chini ya 10 kwa mia, na kwa zaidi ya miaka kumi ulikaa chini ya hapo, ila mara chache.

Wekeni miaka hiyo kando ya sanduku la baba. Januari 1993, ng'ambo ya mpaka, askari wa Zaire walilipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo Waziri Mkuu alikuwa amezikataa na wenye maduka hawakuzipokea. Askari wakaasi, Kinshasa ikaporwa, watu wengi wakafa, hata balozi wa Ufaransa akauawa. Nchi mbili jirani, miezi ile ile, na kahawa ya namna moja milimani. Huku palikuwa na watu walioweza kusema hapana wakasikilizwa, na kule hawakuwapo, au walikuwapo hawakusikilizwa. Kutoka Rutshuru mpaka Kisoro mtu wa miguu hufika. Baba angalivuka mpaka na maharagwe yake akauza kwa shilingi, nyumba yetu ingaliezekwa mabati.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba mambo yote yalikuwa mema. Watumishi wa serikali walipunguzwa karibu nusu, na wengi walirudi vijijini bila kazi nyingine. Biashara ya kahawa ilipoachwa huru tangu mwaka 1991, mkulima alianza kupata sehemu kubwa zaidi ya bei, lakini vyama vya ushirika vilidhoofika. Pale Mbarara mzee yeyote wa makamo atawaambia habari za Banyankole Kweterana, chama kilichokuwa na maghala na malori na kusomesha watoto wa watu, kikaja kikaanguka. Wapo wanaosema kiliangushwa na wezi wake wenyewe, na wapo wanaosema kiliangushwa na Kampala. Mimi nadhani wote wana haki kidogo.

Jambo moja la miaka ile linatuhusu sisi watu wa shule, na ndilo nilipendalo kuliko yote. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi juu ya fedha ambazo Hazina ilikuwa ikizitoa kwa ajili ya shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mtoto. Ilionekana kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotolewa Kampala, shuleni zilifika 13 tu kwa wastani. Nyingine zilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya. Wizara haikuunda kamati ya kuchunguza kamati. Ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kuagiza shule zibandike ukutani hesabu ya kile zilichopokea. Mzazi akasoma gazeti, akatembea mpaka shuleni, akasoma ukuta, akauliza. Fedha zilizofika zikaongezeka sana. Kwa hiyo mwaka 1997, serikali ilipofungua elimu ya msingi bila karo, palikuwa angalau na njia ya kupitisha fedha zisimwagike zote. Na mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupunguziwa madeni chini ya mpango uliowekwa kwa nchi maskini zenye madeni makubwa.

Tarehe 1 Januari 2001 Mutebile akawa Gavana wa Benki Kuu, mahali pa Charles Kikonyogo. Hapa naweza kulijibu swali la pili la yule mtoto, kwa nini sahihi si ya Rais. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 162, yasema kwamba Benki Kuu katika kazi zake haitapokea amri ya mtu yeyote wala mamlaka yoyote. Sahihi ya Gavana ni alama ya jambo hilo: anayechapa noti asiwe yule anayezitumia.

Hayo ni maandishi. Mwaka 2011 yalijaribiwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na serikali ilitoa katika akiba ya nchi zaidi ya dola milioni 700 kununua ndege za kivita za Kirusi. Gavana alieleza waziwazi wasiwasi wake mbele ya gazeti la Financial Times la London, jambo ambalo watumishi wa serikali hawalitendi kwa kawaida. Mwaka ule ule ukame na bei za mafuta vilizidisha taabu, na mwezi wa Oktoba mfumuko wa bei ukafika 30 kwa mia. Nilikuwa mwanafunzi wakati ule. Nakumbuka mama akipunguza sukari katika chai, kisha akaiondoa kabisa, akatuambia kwamba chai ya rangi tupu ni dawa ya tumbo.

Gavana alipandisha riba ya Benki Kuu kutoka 13 kwa mia mwezi wa Julai mpaka 23 kwa mia mwezi wa Novemba. Maana yake mikopo ikawa ghali, watu wakakopa kidogo, noti zikapungua mitaani. Wafanyabiashara wa Kampala walikasirika wakafunga maduka siku kadhaa, Januari 1912 nusura niandike, maana yaonekana zamani sana, lakini ni Januari 2012. Alisemwa kila neno baya. Riba haikushuka mpaka bei ziliposhuka, na mwisho wa mwaka ule mfumuko wa bei ulikuwa chini ya 6 kwa mia. Septemba 2012 aliifunga pia benki iliyoshindwa kutimiza mtaji unaotakiwa, National Bank of Commerce, ambayo asili yake ilikuwa benki ya Kigezi, nyumbani kwake, na wenye hisa zake walikuwa wakubwa wa serikali. Watu wa Kabale hawakumshukuru.

Je, alikuwa mtu asiye na doa? Hapana, na gazeti la shule halifai kuandika habari za watakatifu wa uongo. Miaka ile ile Benki Kuu ilitoa dhamana kwa ajili ya fidia kubwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kampala, zaidi ya shilingi bilioni 100. Kamati ya Bunge ilimlaumu, na ikataka aondoke. Mawaziri wawili, Syda Bbumba na Khiddu Makubuya, walijiuzulu Februari 2012. Yeye alibaki. Oktoba 2016 Benki Kuu iliichukua Crane Bank, na Januari 2017 mali yake ikapewa benki ya dfcu. Kamati ya Bunge ilipouliza, mwaka 2018 na 2019, jinsi benki saba zilivyofungwa kwa miaka mingi, ilionekana kwamba kumbukumbu muhimu hazikuwapo. Mtu aliyewafundisha walimu wakuu kubandika hesabu ukutani, ofisi yake mwenyewe haikuweza kuonyesha hesabu zake. Hilo lilinisikitisha kuliko jambo la fidia.

Katika Chama cha Majadiliano tulibishana: baada ya ndege zile, je, hakupaswa kujiuzulu? Binti mmoja wa kidato cha nne alisema kwamba mwenye kusema hapana mara moja kwa sauti kubwa, kisha akaendelea kukaa na waliomkataa, anaifanya hapana yake kuwa ya bure. Alipigiwa makofi, na alistahili. Mimi nilisema kwamba kama angaliondoka mwezi wa Julai 2011, sijui nani angalithubutu kuiweka riba 23 mwezi wa Novemba. Mwaka 1972 hakuwa na kitu mkononi ila sauti, akaitumia, akaondoka. Mwaka 2011 alikuwa na riba mkononi. Lakini nakiri kwamba miaka 21 katika kiti kimoja ni mingi. Aliongezewa muda mara baada ya mara, hata alipokuwa mgonjwa, na wasaidizi wengi wakazeeka wakimtazama mgongo.

Alifariki katika hospitali ya Nairobi tarehe 23 Januari 2022, siku nne kabla ya kutimiza miaka 73.

Kwa nini habari hii iwe yetu, sisi tusio raia wa nchi hii? Kwa sababu tunakula kwa shilingi yake. Wengi wetu tunapewa fedha badala ya chakula, na tangu mwaka 2023 tumegawanywa katika makundi: wengine hupata kidogo, wengine hawapati kitu. Kiasi kile kinahesabiwa kwa shilingi, wala hakipandi kwa sababu unga umepanda. Tajiri wa Kampala mfumuko wa bei ukimjia hununua kiwanja au dola. Mama wa Juru mwenye watoto sita hana pa kukimbilia, yeye ndiye yule aliyekuwa safarini usiku noti zilipogawiwa. Kila siku dukani kwangu huja mtu na kuuliza salio lake kwanza, kisha huuliza bei ya unga, kisha husimama kidogo akifanya hesabu midomo ikichezacheza. Bei ikikaa mahali pamoja mwezi mzima, hesabu yake inatimia, ingawa ni ndogo.

Nilipokwisha kuandika makala haya nilimsomea baba jioni, naye akasikiliza pasipo kunikatiza, ambalo si jambo la kila siku. Kisha akaniomba nimletee lile sanduku. Alitoa noti moja ya zaire, akaiweka juu ya goti la kulia, nami nikampa ile ya shilingi 5,000 akaiweka juu ya goti la kushoto. Akazitazama sahihi zote mbili kwa taa ya simu yangu.

"Huyu," akasema, akigusa goti la kushoto, "alikuwa mkimbizi kama sisi?"

Nikamwambia ndiyo, miaka saba, Tanzania na Uingereza.

Baba aliirudisha zaire sandukuni. Ile ya 5,000 hakunirudishia.